Kwa Nini Meza Yetu Husema kwa Sauti

Wateja wapya wakifika kwenye karakana yetu ya Bugolobi hudhani tunasali. Fundi anabonyeza kitufe cha laptopu, kisha anaanza kutamka: "Nyeusi. Nyeusi bado. Nembo. Imewaka, bluu, jina la mwenyewe katikati." Mama mmoja wa kwaya yetu aliwahi kuitikia "Amina", akaona haya, akajifanya anakohoa. Ninyi vijana mliorithi meza ile mlifundishwa hivyo na mliowakuta, na mkiulizwa sababu mnasema ndio utaratibu wa kazi. Ni kweli. Lakini utaratibu huo ulikuwa na mwenyewe. Sasa nimestaafu, sina tena bisibisi ya kujifanya nimeshughulika nayo, kwa hiyo nitawaeleza. Vyeo na mshahara sitaviandika. Vyeo havikuwapo, na habari za mshahara zinaenea mstari mmoja, tena kwa herufi kubwa.

Nilikuja Kampala kutoka Kakamega vita vikiwa vimekwisha, wakati kuta nyingi za mjini bado zilikuwa na matundu ya risasi na wapita njia wameacha kuyatazama. Binamu yangu aliuza ndoo na mabeseni mtaani Kisenyi, nami nilikuja kumsaidia kuuza. Kuuza niliweza. Nilichoshindwa ni kuiacha redio yake iliyokufa ikae pale rafuni. Siku moja nikaipeleka kwa fundi aliyekuwa na chumba juu ya gereji, ngazi za nje, mlango wa bati.

Fundi huyo alikuwa Ochan, mtu wa kaskazini, zamani mwanajeshi wa redio za mawasiliano. Kisenyi nzima ilimwita Afande, hata maalimu wa madrasa ya jirani. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisicho na tafadhali. Aliitazama redio, akanitazama mimi.

"Wewe nataka redio ipone, ama nataka kujua iliumwa nini?"

"Nataka vyote viwili kwa bei ya kimoja," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka chuma cha kulehemu chini. Akanisogezea kigoda. Sikurudi kwenye ndoo, na binamu yangu alinuna mpaka Pasaka.

Somo lake la kwanza lilikuwa skrubu. Kila skrubu iliyotoka iliingia kwenye kizibo cha soda, na kila kizibo kilikaa mahali pake kwa mpangilio wa kufungua. "Hesabu ukitoa, hesabu ukirudisha," alisema. "Ikibaki moja, iko mahali inakungoja." Watu husema Ochan ndiye aliyenifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili. Hapana. Tabia hiyo nilitoka nayo nyumbani, kwa mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani. Ochan alinipa tu kitu cha kuhesabu ambacho hakinuki.

Tulitengeneza redio, kisha televisheni, kisha monita za kompyuta zenye kisogo kirefu, na hatimaye laptopu zikaanza kuja, kwanza za maofisa wa mashirika, baadaye za kila mtu. Laptopu ilituletea ugonjwa mpya. Mtu anawasha, taa ndogo zinawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Je, imekufa skrini, au imekufa mashine? Kwa swali hilo tulikuwa na monita yetu ya mezani, ya zile nzito, ambayo Ochan aliiita Shahidi. Unamchomeka Shahidi kwenye laptopu. Akionyesha picha, basi mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye skrini yake au waya wake. Naye asipoonyesha kitu, unaanza kuwa na wasiwasi.

Hapa niwaambie jambo ambalo mafundi wengi wa mjini bado wanalikosea. Shahidi mwenyewe anaweza kuwa ndiye mwizi. Ziko laptopu ambazo zikiwashwa huku monita ya nje imechomekwa, zinapeleka picha yote huko nje na kuacha skrini yao gizani. Waya ukiwa umelegea, au monita ikiwa imezimwa, una giza pande zote na mashine isiyoumwa chochote. Na zile zilizozoeshwa kutumia monita ya nje peke yake, huendelea kuitafuta hata kama ilishauzwa. Kwa hiyo anza na mashine tupu. Toa monita, toa kipanya, toa kila kilichoning'inia. Iwashe peke yake, uitazame. Shahidi aitwe baadaye. Ochan alisema, "Mtu ukimuuliza mbele ya wakubwa, hasemi ukweli."

Shahidi wetu wa zamani alikuwa na tabia zake. Ukimwasha, kioo kilijaa umeme mwembamba, na ukisogeza mkono nywele zilisimama. Picha ikimfikia, kitu ndani yake kililia tik. Ochan alikuwa na mazoea ya kupitisha mgongo wa mkono mbele ya kioo kabla ya kusema neno. Nilidhani ni mikogo ya ufundi. Kila fundi anayo yake. Mimi nilikuwa nikipuliza kila kitu, hata kisicho na vumbi.

Tulipohamia Bugolobi, kwenye chumba cha chini karibu na zile nyumba za ghorofa, nilisema hatuwezi kumpandisha Shahidi yule kwenye meza mpya, ataivunja. Nikarudi Kisenyi kwa Msomali mmoja aliyeuza monita bapa.

"Mama Kenya, hii mpya."

"Mpya, na ina vumbi la nyumba tatu?"

"Vumbi la njiani hilo."

"Basi nipunguzie hiyo njia."

Tulivutana mpaka adhana ikamtetea. Alifunga duka kwenda kuswali, akarudi amelainika, nikaipata. Niliibeba kwa fahari hadi Bugolobi na kuiweka mezani. Ochan aliiwasha, akapitisha mgongo wa mkono mbele yake, akaurudisha tena.

"Hii haina moto," alisema.

Nikamwambia mambo mapya ndiyo hayo, azoee.

Miezi iliyofuata alikuwa mzito. Alianza kunitaka nimsomee namba ndogo za kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, akisema ananifundisha, mimi ambaye nilikuwa nimefundisha wengine. Kikombe chake cha chai kilitakiwa kikae pembe ile ile ya meza, na aliyekisogeza alisikia maneno ya kambini. Nikasema moyoni, uzee umemwingia kwa mlango wa hasira.

Kisha akaja Mama Apio.

Alikuja asubuhi na laptopu aliyoifunga kwa kitenge. Alikuwa mke wa askari polisi, wa kaskazini kama Ochan, wakaongea Kiacholi kidogo pale mlangoni, na nikaona Ochan akiacha kutabasamu. Mumewe alikuwa amekufa ajalini. Nyumba ya kambini ni ya askari, si ya mjane, na mwisho wa mwezi alitakiwa awe ametoka na mtoto wake. Laptopu ilikuwa ya marehemu. Skrini yake iliharibika zamani, akawa anaitumia kwa monita ya nje. Baada ya matanga shemeji zake walichukua monita, redio na baiskeli.

"Hii walisema imekufa, nibaki nayo," alisema.

"Ndani mna nini, mama?" nikamuuliza.

"Picha zake. Simu yake ilivunjika pale pale barabarani, sasa ziko humo tu."

"Za ninyi wote?"

"Za pamoja hatukupiga. Yeye kazini, mimi nafua nguo za watu. Nataka uso wake tu. Mtoto ni mdogo, atamsahau."

Ochan aliipokea, akaifungua, akamchomeka Shahidi mpya na kuwasha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na televisheni ya mtu, vizibo vyangu vimepangwa. Feni ya laptopu ikazunguka. Ochan aliinama mbele ya monita muda mrefu, pua karibu iguse kioo.

"Nyeusi huku, nyeusi huku," alisema. "Bodi imekufa."

"Afande, tazama tena."

"Nimetazama."

Mama Apio hakulia. Alikunja kitenge chake, akakikunjua, akakikunja tena. Akauliza kama kuna mtu anayenunua vipuri. Nanyi mnajua vipuri vinakwendaje: diski inafutwa, bodi inachunwa, mifupa inauzwa kwa kilo.

Nilizunguka meza ili nichomoe waya. Shahidi hakuwa mweusi. Juu kabisa, upande wa kushoto, kulikuwa na mistari ya herufi nyeupe, nyembamba kama uzi wa cherehani. Mashine ilikuwa inalalamika kwamba betri ya saa yake imekwisha, haijui leo ni siku gani, na ikaomba kitufe kibonyezwe iendelee. Ilikuwa hai kabisa, imesimama mlangoni inangoja mtu aseme karibu. Na Ochan alikuwa amesimama mbele yake.

Sokoni, ukiona kile mwenzako hajakiona, unafunga mdomo kwanza. Nikamwambia Mama Apio, "Iache mpaka kesho. Afande hajamaliza nayo."

"Nimemaliza," alisema Ochan.

"Hujamaliza."

Mama Apio alipoondoka nilifunga mlango, nikageuza kibao cha dirishani.

"Afande, kwenye Shahidi kuna nini?"

"Nyeusi."

"Soma tena."

Akanyoosha mkono. Akaupitisha mgongo wake mbele ya kile kioo bapa, taratibu, kutoka juu hadi chini, kama alivyofanya miaka yote, na ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa mikogo.

"Hii haisemi na mkono," alisema. "Ile ya zamani nilikuwa najua. Picha ikifika, inalia tik, nywele inasimama. Hii ni kimya tu."

"Tangu lini?"

"Pembeni ilienda kwanza. Katikati ikabaki kama tundu ya kufuli. Sasa hata tundu ina moshi. Daktari alisema presha ya macho. Ile imeenda, hapana rudi." Akatafuta kikombe chake, akakipata mahali pake. "Wewe nahesabu kila kitu mara mbili, Jerida. Hii ulihesabu mara ngapi?"

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeuliza saa. Nimejibiwa vibaya na watu wengi katika kazi hii, na wengi niliwarudishia. Hilo sikulirudisha.

Akaanza kukusanya vifaa vyake. Bisibisi zake alizijua kwa vidole, alizipanga kwenye mkoba wa ngozi bila kukosea hata moja. "Naenda nyumbani," alisema. "Fundi wa skrini haoni skrini. Watu watacheka."

"Watacheka," nikasema. "Lakini si kesho. Kesho yule mwanamke anarudi, na wewe ndiye umemwambia imekufa."

"Mwambie wewe iko nzima."

"Siuzi mali ya mtu mwingine. Maneno ni yako, kayaondoe mwenyewe."

"Kwa macho gani?"

"Yangu. Nakuazima."

Mkono wake ukabaki juu ya mkoba. "Kwa bei gani?"

"Masikio yako. Na hiyo mikono."

"Unaibiwa. Masikio ya mzee hayafiki bei hiyo."

"Mimi ndiye mnunuzi. Nikiibiwa nitalia mwenyewe."

Nimepatana bei na Wasomali, Wakongo, Waganda na wachungaji wa makanisa mapya, ambao ndio wagumu kuliko wote. Sijawahi kupatana bei ya kitu ambacho nisingeweza kukiacha, isipokuwa siku ile. Chai yake ikapoa pale kwenye pembe ya meza. Kisha akatoa bisibisi moja kwenye mkoba, akairudisha mezani.

Kesho yake Mama Apio alikuja na mtoto mgongoni. Ochan hakumzungusha. Alimwambia kwa Kiacholi, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Jana nilikosea. Macho yangu yamekufa. Mashine haijafa. Leo huyu ataangalia, mimi nitasikia." Mama Apio alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akavuta kigoda na kukaa.

Tulianza na mashine tupu. Ochan alitoa betri, mimi nikachomoa waya wa umeme. Akabana kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliolala ndani utoke. Nikabadilisha ile betri ndogo ya saa, bapa kama sarafu. Yeye akatoa vibao vya kumbukumbu, ile RAM, akavifuta miguu kwa kifutio cha penseli, akavirudisha mpaka vikalia tak. Tukarudisha betri na umeme tu: hakuna Shahidi, hakuna kipanya. Akabonyeza.

"Sema," alisema.

"Nyeusi."

Akainamisha sikio. "Feni iko sawa. Diski inazunguka. Chukua tochi, piga kwa ubavu."

Nikalaza tochi juu ya ile skrini nyeusi. Hili mnalijua, lakini msilidharau: mwanga wa nyuma ukifa, picha hubaki, hafifu kama maji yaliyokauka kwenye kitambaa. "Naona nembo," nikasema. "Kwa shida. Sasa imeondoka. Naona kisanduku cha neno la siri."

"Basi picha iko. Taa ndiyo imekufa. Mama, andika neno."

Mama Apio aliandika bila kuona anachoandika, kwa kidole kimoja. Lilikuwa jina la mtoto.

"Sasa mwite Shahidi."

Nikachomeka waya, nikaukaza.

"Sema."

"Nyeusi."

"Bado?"

"Nyeusi bado. Anatafuta." Mashine ilikuwa imezoea monita ile iliyochukuliwa na shemeji, na Shahidi wetu, aliyechomekwa leo ikiwa imekwisha kuwaka, ilikuwa bado haijamtambua. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile cha kona na kile chenye mchoro wa skrini. Nikasubiri. Nikabonyeza tena.

"Bluu," nikasema. "Afande, bluu. Imewaka."

Mama Apio alisimama. Tulifungua jalada la picha, na ya kwanza iliyojaa kwenye kioo ilikuwa ya mwanamume mrefu, shati jeupe, amembeba mtoto mchanga mbali kidogo na kifua chake, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake. Ochan alikuwa amegeuzia uso upande wa dirisha.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nimelipia hayo macho. Semeni."

Nilitaka kuanza, Mama Apio akanigusa mkono.

"Ni yeye, mzee," alisema. "Amevaa shati jeupe. Amemshika Apio. Anacheka, anaogopa kumwangusha. Ndugu yake ndiye aliyeipiga."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma ni nyumba ya kambini, ya bati. Kuna kamba ya nguo. Mashuka ya watu." Akasogea karibu na kioo, mpaka nikaona pumzi yake imekitia ukungu. "Kuna mtu anaanika," alisema. "Mikono iko juu, uso umegeuka huku, unacheka pia." Akagusa kioo kwa kidole. "Ni mimi, mzee. Sikujua. Sikujua niko."

Ochan alitikisa kichwa polepole. "Basi mko wawili," alisema.

"Watatu," alisema Mama Apio.

Hapo ndipo alipolia, na mtoto naye akalia kwa kumfuata. Mimi nilikwenda kupuliza vumbi kwenye televisheni iliyokuwa safi. Zile picha tulizinakili kwenye diski ndogo, kisha nyingine kama ile, kwa sababu kitu kikiwa kimoja mimi nakihesabu hakipo. Akaondoka kambini mwisho wa mwezi kama walivyotaka. Sikupata kumwona tena.

Ochan alibaki nami miaka kadhaa baada ya hapo. Kila aliyekuja kufanya kazi kwenye meza ile aliambiwa aseme kwa sauti anachokiona, na Ochan akisikia "Imewaka" aliuliza swali lile lile, hata kama ni picha ya ng'ombe wa mtu au kalenda ya duka la simenti: "Na nyuma yake?" Wateja walidhani anachunguza ubora wa rangi. Mwisho hata mwanga wa dirisha haukumfikia tena, miguu nayo ikakataa, akarudi kaskazini kwa mwanawe. Kila Jumamosi alinipigia simu. Hakuuliza habari za kodi wala za siasa. Alisema, "Washa moja nisikie." Nikiweka simu karibu na feni, alisikiliza, akasema, "Hiyo diski inaumwa," na mara nyingi ilikuwa inaumwa. Jumamosi moja nilipigiwa na mwanawe. Siku hiyo sikuwasha kitu.

Nilitaka kuuondoa utaratibu baada ya hapo. Ulikuwa umekosa mwenyewe. Lakini Jumatatu nilipobonyeza kitufe, mdomo wangu ulisema "Nyeusi" kabla sijauzuia, na aliyekuwa kando yangu akaitikia "Nyeusi bado", nikauacha ubaki.

Siku yangu ya mwisho mliniletea keki, na mkachelewa kuikata kwa sababu laptopu ya mteja ilikuwa haijawaka. Mimi nilikuwa mlangoni, nawapa mgongo, nahesabu magari ya mizigo yanayoingia upande wa viwandani. Nikawasikia nyuma yangu. Nyeusi. Nyeusi bado. Chomoa Shahidi. Nembo. Kisha mmoja wenu akasema, "Mama Jerida, imewaka."

Sikugeuka.

"Ina nini?"

"Picha ya harusi. Bibi na bwana, na keki."

"Na nyuma yake?"

Nikasikia vigoda vikisogezwa, mnatafuta. Nikangoja pale, macho yangu barabarani, mpaka mlipoanza kuniambia.